Kangaruu Dume Hana Mfuko

Jumanne ile nilitoka nyumbani kwenda kufumania. Walevi wa baa walishaniimbia: "Noreen, mumeo ana mtu barabara ya Cunnamulla!" Na kweli, Merv na lori lake kila siku huchelewa saa mbili nzima. Ukimuuliza: "Nilimgonga kangaruu, nikaangalia mfuko." Huku kwetu kila mtu hushuka kuangalia, mtoto asije akafia ndani ya mzoga wa mamake. Kisingizio hakina kasoro.

Nikamkuta. Kangaruu kafa kando ya lami, dume. Merv alikuwa akitambaa majanini, anapekua kichaka kimoja kimoja.

"Dume ana mfuko, wewe? Unatafuta nini?"

"Mtu," alisema huku analia. "Labda niligonga mtu pia. Nimeangalia mara tisa."

Nikampeleka kwa daktari. "Ananawa mikono sana?" aliuliza. Hapana. Akachungulia lori, akaona makopo na mifupa ya kuku, akacheka. "Wenye maradhi ya kurudiarudia jambo lile lile, kunawa na kunawa tena, hawakai kwenye jaa, mama. Apumzike tu."

Pumziko gani! Miezi saba Merv aliniuliza kama ameua, nami nikamjibu hapana, hapana, mpaka koo likakauka. Mwishowe akaenda polisi kujishtaki kwa kumuua mtu asiyekuwepo. Wakamcheka. Nilitamani kuwatandika wote, wenye makoti meupe na wenye kofia.

Nesi mgeni, Thelma, ndiye aliyeuliza swali la maana. "Ukishaangalia, unatulia kwa muda gani?"

"Dakika mbili."

"Basi ni yale yale ya kunawa mikono. Ila wewe unachonawa ni ile barabara." Akanigeukia. "Na wewe dada, ukimjibu, unamletea maji ya kunawia."

Nilimchukia siku hiyo. Nilidhani kumjibu ndiyo mapenzi.

Jana tulitoka naye mjini. Tairi likapiga shimo, gari likaruka.

"Noreen, nimegonga mtu?"

Neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikaliuma.

"Noreen, nakuomba!"

"Endesha, Merv."

Akaendesha. Nilikuwa na hasira na yule daktari, na polisi, na shimo lenyewe, na shingo yangu iliyotaka kugeuka. Sikugeuka. Tulifika nyumbani jua bado lipo, na mbwa hakujua afanye nini, maana hajazoea kumwona mapema.