Harufu Mbele ya Mlango wa Mgeni

Devota alikulia Lushoto, na pua yake ilibaki ya kule juu, kwenye hewa baridi ambako kitu kikivunda majirani wote wanajua. Miaka yote aliyokaa Tanga mjini, nyumbani kwake Nguvumali samaki hakulala. Aliliwa siku hiyohiyo na miiba ikatupwa mbali. Kwa hiyo harufu ilipoanza, siku chache tu baada ya mgeni kufika, hakuona haja ya kuuliza inatoka kwa nani.

Mgeni alikuwa Bi Mwatima, mama yake Ame, mfanyabiashara wa karafuu wa Pemba. Luka, mume wa Devota, kila alipokwenda Pemba kikazi alilala kwa Ame na kula kwa Ame. Sasa mama mtu alikuwa na operesheni ya tumbo Tanga, na kumkataa kungekuwa kukosa haya. Devota alimpokea vizuri, akapokea na halua aliyoletewa. Lakini Bi Mwatima alikuwa na kikapu ambacho hakukubali kupokewa. Alikibeba mwenyewe, akakisukuma chini ya kitanda, akasema hicho kiacheni, ni vitu vyake.

Papa, Devota akajisemea. Watu wa visiwani hawatembei bila papa mkavu.

Harufu ilikuwa ya samaki aliyefungiwa mahali. Ilikuwa nzito zaidi ukumbini, mbele ya mlango wa mgeni, hapohapo Luka alipoweka tangi lake la kioo la samaki wa mapambo. Bi Mwatima naye akawa anafukiza udi asubuhi na jioni, anafua kila siku, anaanika nyuma ya choo. Kadiri moshi wa udi ulivyozidi, ndivyo Devota alivyozidi kushuku. Mtu asiye na cha kuficha anafukiza nini kila saa? Alimuuliza Luka. Luka, ambaye ugoro ulishamwua pua zamani, akasema yeye hasikii kitu, amwache mama wa watu apumzike.

Hakumwacha. Alianza kupiga deki mbele ya mlango ule kwa dawa ya chooni, na kufungua madirisha kwa kishindo ili mwenye kusikia asikie. Kisha siku mgeni alipokwenda kliniki, akaingia chumbani na kukivuta kikapu.

Mlikuwa na vitambaa. Kanga kuukuu zilizokatwa vipande, zikafuliwa, zikakunjwa vizuri, pamoja na miche ya sabuni. Devota ni mwanamke, hakuhitaji kuelezwa. Kumbe tumbo lenyewe ni kizazi, na mama huyu anavuja damu. Aliona aibu, kweli aliona, lakini aibu haikudumu, maana sasa alidhani amejua harufu ni ya nini. Jioni alimwambia Luka jikoni, kwa sauti aliyoiona ya chini, kwamba ni ugonjwa ndio unaonuka, masikini, na yale mashuka itabidi wayatupe.

Asubuhi Bi Mwatima alitoka chumbani amevaa buibui, kikapu mkononi. Alisema anarudi Pemba kwa boti. Operesheni ilikuwa kesho kutwa, na daktari alikwisha kumwambia kwamba uvimbe ule si wa kungojea.

"Bado hujatibiwa, mama," Devota akasema.

"Ntatibiwa siku nyingine. Mie nanuka, mwanangu. Najua. Siwezi kuwalaza watu na uvundo wangu."

Luka akampigia Ame, simu haikupatikana. Mgeni akaenda kukaa barazani kungoja bajaji. Devota alibaki ukumbini, roho inamuuma, na ndipo akashtuka. Mwenye kunuka yuko nje, na harufu iko palepale. Akaingia chumbani: haipo. Akatoka: ipo. Akapiga magoti mbele ya kabati lililobeba tangi la samaki, akalifungua.

Nyuma kabisa palikuwa na kopo la aiskrimu, limekazwa mfuniko wenye ufa. Alipoufungua machozi yalimtoka. Ndani mlikuwa na kifuko cha wavu kilichojaa chembe za kahawia, ndogo kama mayai ya samaki, zinateleza. Luka akaitwa aje ajieleze. Akasema ni resini, chembe za kunyonya uchafu kwenye chujio la tangi. Anavyo vifuko viwili. Kimoja kikichoka anakisuuza, anakiloweka kwenye maji ya chumvi, na kinafanya kazi tena. Hiki alikitoa katika pilikapilika za kumpokea mgeni, akakifungia na uchafu wake wote, akakisahau. Chembe zenyewe hazijaharibika, alisema, zinataka maji mengi tu na chumvi ya mawe. Akanyoosha mkono akazioshe.

"Usioshe," Devota akasema. "Kwanza anuse."

Bi Mwatima hakuamini. Alitabasamu kama mtu anayepewa pole, akawaambia wana adabu, Mungu awalipe. Kopo lenyewe alilitazama kwa mashaka, kama kitu kilichotayarishwa usiku ili kumfariji. Devota akamsogezea puani. Mama akageuza uso, akakohoa, akajifunika mdomo kwa buibui. Kisha akaliomba tena, akanusa taratibu.

"Hii ndiyo," akasema. Mabega yakamshuka. Halafu macho yake yakawa makali. "Na mie je? Ninuse mie. Na usinidanganye."

Devota akampa Luka kopo, akamwambia aende nalo uani. Akainama, akaweka uso shingoni kwa mama yule, kisha magotini, kwenye mikunjo ya buibui, akavuta pumzi. Sabuni. Udi. Na chini kabisa, kwa mbali, kitu kingine ambacho hakikuwa cha samaki.

"Udi," akasema. "Udi na sabuni tu, mama."

Bi Mwatima alimtazama muda mrefu, akimchunguza. Bajaji ikapiga honi nje. Devota hakupepesa macho.

"Mwambie huyo aende zake," Bi Mwatima akasema. "Na kesho kutwa tufuatane, mie nawe. Luka abaki na samaki wake."