Gari Linalomkataa Mjane

Mara ya kwanza Apolinaria alidhani ni upepo. Mara ya pili akadhani ni usingizi. Mara ya tatu, karibu na Itetemia, gari lilipoyumba lenyewe likamwendea mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yake ya kuni pembeni kabisa mwa barabara, hakudhani tena kitu. Alifunga breki, akashuka, akamwamkia yule mzee, akamwomba radhi, kisha akarudi akalipiga teke tairi la mbele. Tairi lilikuwa kubwa. Kilichoumia ni kidole.

Pikapu hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe, Festo. Kila masika ilikuwa inanasa mbugani, kwenye lile tope jeusi lililo kati ya kijiji chao na Usoke, na watu wanashuka kusukuma mpaka wanafanana wote. Ndipo Raymundi, mdogo wake Festo, akashauri iinuliwe. Iwekwe springi ndefu mbele, bamba la springi la ziada nyuma, na matairi makubwa.

"Shemeji, utapita mbugani kama unapita sebuleni kwako," alimwambia.

Na kweli, mbugani lilipita. Kilichoharibika ni barabara nzuri. Kwenye lami usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi, ukikata kona haurudi wenyewe, na gari linatangatanga, ukilivuta huku linakwenda kule, kama ng'ombe asiyetaka kuingia zizini. Ukifika unakokwenda mabega yanauma utadhani umeshinda unalima matuta.

Alilirudisha Tabora kwa Adinani, fundi aliyeliinua. Adinani akapima upepo wa matairi. Hakuna kitu. Safari nyingine akafanya balansi, akafanya alaimenti. Safari iliyofuata akabadilisha viungo vya usukani, vizima na vibovu kwa pamoja. Kila mara alilijaribu barabarani, Apolinaria amekaa pembeni yake, na kila mara alirudi ameshika usukani kwa mkono mmoja, mwingine uko nje dirishani.

"Mama Julieth, gari limenyooka hili. Labda hujalizoea. Likishainuka linataka mikono yenye nguvu."

Mikono yenye nguvu! Apolinaria alikuwa analiendesha gari hilo tangu Julieth, binti yake, ananyonya. Nusu ya wanawake wa kijiji chake walipelekwa hospitali ya Urambo kujifungua na mikono hiyohiyo, mvua ikinyesha, mbuga imejaa. Alitaka kumwambia. Alichosema ni, "Haya, fundi, ahsante," kwa sababu hata yeye alikuwa ameona kwa macho yake kwamba akiwa na fundi gari linakuwa na adabu. Akiwa na watu wa kijijini pia halina neno. Linamgeuka anapobaki peke yake, akishamshusha mgonjwa Urambo na kuanza kurudi.

Siku moja kwa uchovu akamweleza Raymundi jambo hilo. Alikosea sana.

"Yaani likiwa na watu halifanyi?" Raymundi aliuliza. "Mpaka uwe peke yako?" Kisha akaaga, kwa namna ya mtu aliyeokota kitu alichokuwa anakitafuta.

Kabla ya wiki kwisha kijiji kizima kilikuwa kinajua: Festo amemkataa. Hataki mjane alishike gari lake, anataka lirudi kwa ndugu. Ukoo wa Festo ni wa Wamoravian, wanaimba kwaya, na Jumapili watakueleza vizuri tu kwamba waliolala wamelala. Jumatatu mtu akisikia usukani umevutwa na mkono usioonekana, dini inasogea pembeni kidogo kumpisha babu. Hata mama mkwe wake, Bibi Advera, ambaye hakuwahi kumtolea neno baya, alimwita uani.

"Mkwe wangu, labda mwanangu ana la kusema. Tukae Jumapili, tuamue ufunguo akae nao nani."

Jibu la Jumapili lilijulikana. Raymundi alishaanza kusogeza kiti cha dereva nyuma, apate pa kuweka miguu yake mirefu. Na bila ufunguo ule Apolinaria angekuwa nani? Alikuwa mtu ambaye uchungu ukimshika mwanamke anagongewa mlango yeye kwanza. Bila ufunguo angebaki kumwomba Raymundi, na Raymundi ni mtu wa kuuliza kwanza kama safari haiwezi kungoja jua litoke.

Lakini kilichomuumiza zaidi ni kwamba alianza kuamini. Akiwa peke yake kwenye lami aliongea na mumewe kwa sauti. "Festo, nimekukosea nini? Si nilikuuguza mpaka mwisho? Si nilikugeuza kitandani hadi mgongo wangu ukakatika?" Gari likayumba, na yeye akalichukulia kuwa ndilo jibu. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Alipofika nyumbani aliishusha ukutani picha ya Festo, akaitia kabatini, uso umegeukia mbao.

Ijumaa ya mwisho kabla ya kikao ilikuwa siku ya kupeleka mizigo sokoni Tabora. Abiria wake wa siku zote walikuja alfajiri na magunia yao ya mahindi na ya michembe, yale makopa ya viazi vitamu, wakayapandisha nyuma, wakayafunga kamba. Kisha wakabaki wamesimama chini.

"Sisi tutapanda basi, Mama Julieth," alisema jirani yake Lugembe, akitazama miti. "Ila magunia hayana woga."

Ndivyo walivyo watu wa njia hii. Babu zao walibeba mizigo kichwani hadi pwani na kurudi, na wao mpaka leo hawawezi kustahimili kuona chombo kinaelekea mjini kitupu. Marehemu wanamwogopa, lakini si kiasi cha kumnyima gunia.

Apolinaria akaondoka peke yake. Mbuga akaipita. Usoke akaipita. Kwenye lami akaushika usukani kwa nguvu, akangoja kuvutwa. Hakuvutwa. Akalegeza vidole, gari likaenda limenyooka. Akajaribu kona, usukani ukarudi wenyewe katikati kama zamani.

"Haya, Festo," alisema. "Leo niko peke yangu. Mbona umenyamaza?"

Akatazama kwenye kioo cha juu. Magunia yalikuwa yamekaa pale, mazito, mkia wa gari umeshuka. Na hapo akakumbuka kwamba kila alipokwenda kwa Adinani alikwenda na magunia yaleyale, kwa sababu alipitia gereji kwanza ili awahi foleni, ndipo aende sokoni. Kumbe kilichokuwa kinakosekana akiwa peke yake si ruhusa ya Festo, ni uzito wa magunia au wa watu! Hasira zilimpanda upya, safari hii zikiwa na mahali pa kwenda.

Gerejini aliamuru magunia yashushwe yote.

"Mama Julieth, nina kazi za watu," Adinani alilalamika.

"Na mimi ni mtu. Nenda hadi Itetemia urudi. Peke yako, gari tupu. Mimi nakaa hapa na michembe yangu."

Adinani aliondoka na mkono mmoja dirishani. Alirudi polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, shati limemganda mgongoni. Alitandika boksi chini akaingia uvunguni, akakaa huko muda mrefu, na alipotoka hakuanza na maelezo.

"Nisamehe, mama. Kosa ni langu." Akafuta mikono. "Hizi springi ndefu zimeipindua ekseli ya mbele, imeinama kuelekea mbele kuliko inavyotakiwa. Na lile bamba nililoongeza nyuma limepandisha mkia, likazidisha. Ukipakia mzigo mkia unashuka, ekseli inarudi kwenye mlalo wake. Ukishusha tu, usukani unakosa pa kujishikiza."

"Dawa yake?"

"Kabari za chuma, kati ya springi na ekseli, kuirudisha ilale vizuri. Na bamba la nyuma nitalitoa. Lakini kabari mpaka zichongwe. Jumatatu."

Kikao kilikuwa Jumapili. Apolinaria alifikiri kidogo, akasema Jumatatu inafaa kabisa, tena mpaka hapo bamba lisiguswe. Alipakia magunia, akaenda sokoni, akarudi nyumbani taratibu, na mawe ya kutosha nyuma.

Jumapili baada ya ibada waliketi sebuleni kwa Bibi Advera. Mawe yalikuwa yameshashushwa. Raymundi aliongea kwa kirefu juu ya heshima ya marehemu na jinsi gari lililoinuliwa linavyomshinda mwanamke. Alipomaliza, Apolinaria aliweka ufunguo mezani.

"Shemeji, kama kaka yako anakutaka wewe, hatakusumbua. Liendeshe hadi lami ya Usoke urudi. Peke yako." Kisha akaongeza, na hili alilisema kwa dhati, "Usilikimbize, tafadhali."

Raymundi aliondoka akipiga honi. Waliobaki walikunywa chai ikaisha, ikachemshwa nyingine. Aliporudi hakupiga honi. Alishuka akaegemea mlango wa gari kwanza, kisha akaingia, akaomba maji, akayanywa yote.

"Vipi, baba?" Bibi Advera aliuliza.

Raymundi alitazama ndani ya kikombe. "Mama, kaka hanitaki na mimi."

Kisha Bibi Advera akaanza kucheka, akacheka hadi akajifuta machozi kwa khanga.

"Festo huyuhuyu niliyemzaa? Alikuwa hajui kumkataa hata mtu mmoja. Leo awakatae wawili?"

Ndipo Apolinaria akawaeleza habari ya magunia na ekseli, na ahadi ya fundi. Raymundi aliuliza maswali mawili ya kitaalamu ili asionekane ameshindwa. Bibi Advera hakungoja majibu. Aliusukuma ufunguo kwa kidole, polepole, ukapita juu ya meza hadi mbele ya mkwe wake.

Jumatatu kabari zilipigwa, bamba likatolewa, na Apolinaria akarudi na gari tupu, nyuma hamna hata kikapu. Usoke ilipoanza kuonekana kwa mbali aliukata usukani kidogo, akauachia. Ukarudi katikati. Akarudia, ukarudi tena. Alikuwa amejiandaa kufurahi, lakini aibu ndiyo iliyotangulia. Festo hakuwa amesema neno. Alikuwa amewekwa kabatini, uso kwenye mbao, kwa kosa la ekseli.

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alifungua kabati, akaipangusa picha kwa upindo wa khanga, akairudisha kwenye msumari wake.

"Nisamehe, baba Julieth," alimwambia. "Nilikusingizia."