Dakika Sita za Mlima wa Tangi

Lango la mradi wa tangi la maji lilifungwa kila jioni saa kumi na moja kamili. Jumatatu na Jumanne lori la Mwalimu lilifika hapo na safari yake ya tano saa kumi na moja na dakika sita, likakuta kufuli.

"Mwalimu, mimi na wewe hatuna ugomvi," Msimamizi wa mradi alimwambia Jumanne, akiwa ndani ya lango naye yuko nje. "Nahitaji safari tano za kokoto kwa siku. Kuanzia kesho mpaka Jumamosi, zote tano ziingie kabla ya kufuli. Siku moja ikikosekana, Jumatatu namwita mwenye lori jingine."

Mwalimu hakubisha. Alikuwa amefundisha fizikia miaka kumi na saba kabla ya kununua lori, na hakuwa na tabia ya kubishana na saa. Tatizo lenyewe lilijulikana: mlima. Kutoka machimboni barabara ilikuwa tambarare, kisha ikapanda kuanzia kalvati, daraja dogo la mfereji, mpaka langoni. Siku hiyo hiyo ya Jumanne alikuwa amekaa ndani ya lori akapima kipande hicho: dakika kumi na moja na sekunde arobaini, gia ya pili, moshi mweusi nyuma.

Jumatano alfajiri shemeji yake, mdogo wa mumewe na ndiye dereva wa lori, alifika gereji akiwa na boksi kwapani.

"Shem, dawa hii hapa."

Ndani kulikuwa na filta ya hewa yenye umbo la koni, nyekundu kama pilipili, na bomba la chuma linalong'aa.

"Mwenye duka la spea kanipa tujaribu mpaka kesho jioni. Tukiikataa tunairudisha, mradi isiwe na mkwaruzo."

"Inafanya nini?"

"Inaipa injini pumzi. Sasa hivi inavuta hewa kama mtu mwenye mafua."

"Nani kasema?"

"Kila mtu."

"Huyo Kila Mtu anaendesha lori gani?"

"Wewe, Shem, ukiambiwa jua limechomoza unataka shahidi."

"Nataka saa tu," Mwalimu alisema. "Fundi, mfungie."

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatoa akiwa ameinama. Alitoa boksi jeusi la filta ya zamani, akafunga koni mahali pake, wazi, pembeni mwa injini. Shemeji alipowasha, lori lilinguruma hata mshona viatu wa ng'ambo ya barabara akainua kichwa. Shemeji alitabasamu kama bwana harusi.

Katika safari ya kwanza Mwalimu alipanda naye, daftari magotini. Kutoka kalvati hadi langoni: dakika tisa na sekunde hamsini.

"Andika," Shemeji alisema. "Andika kwa wino."

Aliandika. Jioni safari ya tano iliingia saa kumi na moja kasoro dakika tatu, na Msimamizi akawapungia mkono. Shemeji alirudi gereji akipiga honi bila sababu.

Mwalimu alilegeza kibano cha bomba baada ya filta, upande wa kuelekea kwenye injini, akaingiza kitambaa cheupe alichokivingirisha kwenye kidole. Kilitoka na alama ya kahawia. Akamwonyesha Fundi, Fundi akamwonyesha Shemeji.

"Vumbi kidogo tu," Shemeji alisema.

"La siku moja," Mwalimu alisema. "Na liko upande ambao halikupaswa kuwapo. Hapo mbele hakuna kitu tena, ni injini."

"Koni za namna hii zina matundu makubwa," Fundi alisema. "Kwa gari la lami, pengine. Machimboni, mimi nisingethubutu." Kisha akaichukua filta ya zamani, akaigeuza kwenye mwanga. Ukingo wake ulikuwa umepinda, na mikunjo ya karatasi ilikuwa imebanana na kujaa unga wa mawe. "Hii nani anaisafisha?"

"Mimi," Shemeji alisema. "Kila siku mchana. Naipigapiga kwenye tairi. Madereva wote machimboni wanafanya hivyo, tunapanga mstari kabisa."

"Hii haikusafishwa," Fundi alisema. "Hii imeadhibiwa."

Hata Shemeji alicheka, lakini si kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo," Mwalimu alisema, "tumelinganisha kitu kipya na kitu kilichokufa. Si haki. Kesho tunarudisha boksi la zamani, tunaweka ndani filta mpya ya kawaida, tunapima."

"Shem, subiri." Shemeji aliweka mkono juu ya koni kama mtu anayemlinda mwanawe. "Leo tumefika mapema. Siku moja ikikosekana kazi imekwenda. Na wewe unataka kung'oa kitu kilichotufikisha? Mashaka yako yatatukosesha kazi."

"Ni hatari, najua. Tukichelewa kesho, kazi imekwenda, na kosa litakuwa langu. Tukiendelea na koni, kazi tunabaki nayo lakini injini inaliwa kidogo kidogo, na bila injini hakuna safari hata moja."

"Kaka yangu anasemaje?"

"Kaka yako alisema muulizeni mwenye lori."

Alhamisi asubuhi koni ilirudi kwenye boksi lake, ikafutwa hadi ikang'aa. Fundi alifunga boksi la zamani na filta mpya ya kawaida, na lori likaondoka kimya. Mwalimu alishukia kwenye kalvati. Aliianzisha saa lori lilipopita mbele yake, na kibarua mmoja wa mradi aliyesimama juu langoni, palipoonekana kutoka chini, akampungia bendera nyekundu lilipofika. Dakika tisa na sekunde arobaini na saba.

Shemeji aliposhuka na lori tupu, Mwalimu alimwonyesha saa. Alitegemea angenuna. Badala yake Shemeji alikunja uso kama mwanafunzi aliyeona kosa ubaoni.

"Jana ulikuwa ndani ya lori."

"Ndiyo."

"Leo ulisimama chini. Sasa, Shem, kwa heshima zote, sitaji kilo."

Mwalimu alilitazama daftari. Juzi ndani, jana ndani, leo nje. Miaka kumi na saba alikuwa akiwakata watoto wa watu alama kwa kosa hilo hilo.

"Themanini na mbili," alisema.

"Sikusikia kitu," Shemeji alisema, akimfungulia mlango.

Safari ya pili alipanda. Dakika tisa na sekunde hamsini na mbili.

"Koni imeshinda," Shemeji alisema.

"Imeshinda kwa sekunde mbili." Aliandika, kwa wino. "Kwa safari tano ni sekunde kumi."

Hesabu ilikuwa nzuri mpaka saa tisa na nusu, pale mashine ya kupakia ilipozimika machimboni ikiwa imeshajaza nusu ya lori. Mwendeshaji wake aliipiga teke, akaiwasha tena, wakamaliza. Dakika mbili zilikuwa zimepotea. Katika safari ya tano Mwalimu aliitazama saa mpaka kwenye kalvati.

"Laiti tungekuwa na koni," Shemeji alinong'ona, akiingiza gia ya pili.

"Tungekuwa na sekunde kumi."

"Hata mbili ningezipokea."

"Endesha."

Mlinzi alikuwa amekwisha shika mnyororo walipotokea kwenye kona ya mwisho. Msimamizi alitazama saa yake, akatazama lori, akamwashiria mlinzi aachie. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika moja. Kokoto zilimwagika, vumbi likapanda, Msimamizi akaweka alama ya tano kwenye karatasi yake akaenda zake.

Mwalimu alifungua boneti hapo hapo, akalegeza kibano, akaingiza kitambaa kipya, akakitoa. Kilikuwa cheupe.

Shemeji alikichukua, akakigeuza, akakinusa. Hakuridhika. Aliingiza kidole chake mwenyewe mpaka kwenye fundo la pili, akakizungusha, akakitazama pande zote.

"Duka la spea linafungwa saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili."

"Basi tupitie gereji nichukue boksi la koni."

Ijumaa waliingia langoni zikiwa zimebaki dakika tatu, Jumamosi dakika nne. Jumatatu Msimamizi hakumwita mtu mwingine.