Toba Bila Lakini

Mimi ndiye mchungaji aliyebuni somo la "Toba Bila Lakini." Tangu majirani waache kuuana, nimelifundisha miaka sita: kanisani, msikitini kwa mwaliko wa shehe, hata gerezani. Kanuni ni moja tu. Ukiomba msamaha, sema ulichofanya, kisha funga mdomo. Ukithubutu kusema "lakini," napiga meza kwa rula na unaanza upya. Watu wazima wamelia mbele ya rula yangu, nami nikarudi nyumbani kichwa kimenivimba.

Mganga hajigangi, walisema wahenga. Walinijua kabla sijazaliwa.

Siku ya mauaji nilijifungia kanisani peke yangu. Fundi cherehani anayeshona majoho ya kwaya alikuja na mumewe, wakabisha mlango sana. Niliwasikia. Shujaa mimi nikajikunja chini ya madhabahu, nikaziba masikio. Yeye alinusurika, mumewe aliuawa pale getini. Tangu hapo nimepiga marufuku mlango wa kanisa kufungwa, hata mvua ikinyesha. Waumini nawaambia ni kwa ajili ya hewa safi. Wanaloa, wanakohoa, wanasema amina.

Jumamosi iliyopita zamu ya kutubu ilimfikia fundi cherehani. Hakusimama.

"Mchungaji, sisi umetusikia miaka yote. Leo anza wewe."

Darasa zima likapiga makofi. Nikacheka nao huku jasho likinitiririka. Ningeweza kutubu kwamba napenda kusifiwa. Dhambi hiyo nimeiweka akiba kwa siku kama hizo. Lakini macho yake hayakubanduka usoni pangu, na nilikuwa nimechoka kumkwepa.

"Dada, siku ile nilikuwa ndani," nikasema. "Niliwasikia mkibisha. Sikufungua. Lakini niliogopa kwamba wale watu wangeingia pamoja na..."

Akainuka, akachukua rula yangu, akapiga meza.

"Rudia."

Nikaanza upya.

"Nilikuwa ndani. Niliwasikia. Sikufungua. Nisamehe."

Fundi akairudisha rula mezani taratibu, akainyoosha kana kwamba anataka kupima kitambaa.

"Mimi nilitaka tuendelee kubisha," akasema. "Mume wangu ndiye aliyenishika mkono. Akaniambia, 'Twende. Mchungaji hayumo. Angekuwemo, angefungua.'"