Isale Nyuma ya Jiko

Tangu mama yake azikwe migombani, Penina hakuwa amelia. Alikamua ng'ombe, akateka maji mferejini, akapika. Chakula kilimpita kooni kama maji ya uvuguvugu.

Nyuma ya jiko ulibaki mrihani wa marehemu, ule unaonukia limau, mashina matatu tu. Mbegu mama alipewa na mke wa mwinjilisti aliyetoka Tanga. Mama ndiye aliyemfundisha Penina kuvunja kila ua linapochungulia, ili majani yasikome. Hata baada ya msiba Penina aliendelea kuvunja maua, mikono ikifanya kazi yenyewe. Basi mbegu hakuwa nayo, wala jirani yeyote hakuwa nayo.

Jioni moja baba yake, Sadoki, alirudi kutoka kwa bwana shamba wa serikali ya Mwingereza na kikapu cha miche ya kahawa.

"Kesho naipanda nyuma ya jiko," alisema. "Yale majani tutayang'oa."

Penina alifungua mdomo, akaufunga. Hata shuleni alipoulizwa swali ilikuwa hivyo hivyo, mpaka akaachishwa darasa la tatu.

Kulipopambazuka alikata matawi ya isale, mmea wa kuwekea mipaka, pembeni mwa shamba, akaichomeka kuuzunguka mrihani. Kwa Wameru, jembe halivuki isale kabla watu hawajazungumza.

Shangazi yake, Magdalena, alipita akacheka. "Makubwa! Binti kamwekea baba yake mpaka! Mama hukumlilia, leo unalilia majani?"

"Shikamoo, shangazi," Penina alijibu, basi.

Sadoki akaja na jembe begani. Alipoiona isale alisimama.

"Nani kaweka?"

"Mimi, baba."

"Unataka kuniambia nini?"

Penina alitazama miguu yake. "Mrihani ni wa mama. Hauna mbegu ya kupanda tena."

Sadoki alishusha jembe begani. Alizunguka, akaenda kuchimba mashimo ya kahawa kando ya zizi.

Mchana Penina alipika mtori wa ndizi. Majani aliyatia alipokwisha kuipua chungu, maana yakichemka harufu hukimbia. Baba yake alikula, akafuta kidevu.

"Umezidisha. Mama yako alitia kidogo."

"Ndiyo, baba."

"Haya, niongezee."

Penina naye alionja. Hakusikia ladha yoyote.

Alipokwenda kumwaga maji ya vyombo, aliona shina moja limetoa ua jeupe. Vidole vilikwenda kulivunja, kama kawaida. Akavirudisha, akavifunika kwa khanga, akaliacha ua pale lilipo.