Pumzi ya Jiwe

Ashrafu alimwacha Sostenes asogeze kizibo chake cha soda hadi katikati ya pango lililochorwa ubaoni, ndipo akasema kwamba mhusika wake anatamka Pumzi ya Jiwe.

Ilikuwa Jumapili alasiri, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Hirji, mjini Singida. Mwaka na nusu sasa watu wanne walikuwa wakikutana hapo duka likifungwa. Waliweka ubao juu ya makopo ya rangi, wakauzunguka, wakacheza mchezo wao wa kusimulia. Kila mmoja alikuwa na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Msimulizi aliwaeleza walipo na kinachowakabili, wao wakasema wanafanya nini, na dadu zikaamua kama wamefanikiwa. Pale panapohusu uchawi, kanuni ndizo zilizoamua, na kanuni zilikuwa kwenye kitabu cha Kiingereza cha kurasa mia tatu, ambacho Viral, mjukuu wa mzee Hirji, alikuja nacho alipomaliza chuo India.

Msimulizi alikuwa Kauthar, aliyekuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi. Ndiye aliyeyatafsiri matamko yote ya kichawi, mia na arobaini kwa jumla, kwa mkono wake, kwenye kaunta buku. Kazi hiyo ilimchukua miezi minane. Tangu hapo kitabu chenyewe kilikaa kabatini. Ukizuka ubishi, Kauthar alifungua kaunta buku, akasoma, mambo yakaisha.

Akaifungua na siku hiyo. Akasoma kwamba kila adui aliye ndani ya hatua kumi anageuka jiwe mpaka alfajiri, na akishindwa dadu anavunjika. Walinzi sita wa mgodi wa chumvi wakageuka mawe. Mama Kisiriri, mkunga mzee aliyechezwa na Sostenes, alikuwa katikati yao lakini hakuwa adui, kwa hiyo alisalimika.

"Hapana," Ashrafu alisema. "Na yeye ni jiwe."

Akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya ubao. Kwenye kioo palikuwa na picha ya ukurasa wa kitabu.

Kauthar alielewa hapo hapo kwamba jambo hilo halikuanza leo. Ashrafu alikuwa karani wa mahakama, mtu wa kuweka kumbukumbu. Miezi mitano nyuma alidai kwamba tamko fulani linaweza kutumika mara mbili kwa zamu moja. Kauthar alimkatalia, mhusika wa kwanza wa Ashrafu akafa, na Kauthar akamwambia aichane karatasi mbele ya wenzake kama ilivyo desturi yao. Aliichana. Tangu siku ile salamu yake kwa Kauthar ilikuwa ya kichwa tu.

Ashrafu akaeleza taratibu, kwa sauti aliyoitumia kazini, kwamba kitabu hakisemi adui. Kinasema kila kiumbe. Mkunga ni kiumbe. Basi arushe dadu kama walinzi walivyorushiwa, na akivunjika, ufunguo wa mgodi alioubeba unakuwa wa atakayeuokota.

Viral alisema ufunguo ulikuwa wa wote. Ashrafu alikuwa akimtazama Kauthar.

Kauthar alijaribu njia moja. Alisema kwamba mezani hapo sheria yao ni kaunta buku, wamecheza nayo miezi tisa sasa, na Sostenes amesimama pale kwa sababu kaunta buku ilimwambia ni salama. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa neno ambalo hakuwahi kuonyeshwa.

"Tafsiri haigeuki kuwa sheria kwa sababu imezoeleka," Ashrafu alisema. "Ila nina swali moja tu, dada. Ulikosea, au ulibadilisha?"

Jibu rahisi lilikuwepo. Ni nani asiyekosea neno moja katika matamko mia na arobaini? Angesema amekosea, wangelisahihisha, Ashrafu angekosa la kushika. Kauthar alilihisi neno hilo mdomoni, tayari kabisa. Lakini Viral naye alikuwa amekwisha kwenda kabatini, kitabu kilikuwa mikononi mwake, na angekuta mengine.

"Nilibadilisha," alisema.

Ashrafu aliegemea ukuta. Hakutabasamu, na hilo lilimuudhi Kauthar zaidi kuliko kama angetabasamu.

Sostenes akainua uso. Alikuwa tabibu wa zahanati huko Iguguno, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyekuja mjini kwa pikipiki kila Jumapili na kuingia huku akijikung'uta vumbi magotini. Alimzidi Kauthar miaka zaidi ya kumi, lakini tangu siku ya kwanza alimwita mwalimu.

Akamuuliza yamebadilishwa mangapi.

"Kumi na moja."

Akamuuliza kwa nini.

Kauthar akajieleza, na kila alivyozidi kujieleza ndivyo alivyozidi kuharibu. Alisema kwamba wiki za mwanzo Sostenes alikaa bila kusema, kurasa zile za Kiingereza mbele yake, na yeye akaogopa kwamba atakata tamaa asirudi. Matamko mengine yalikuwa makali, yanaumiza hata rafiki, mtamkaji asipokuwa mwangalifu. Aliona bora ayalainishe, ili mtu asipoteze mhusika wake kwa sababu ya sentensi ambayo hakuielewa vizuri.

"Mtu nani?" Sostenes aliuliza.

Kauthar akaifunga kaunta buku.

"Dada Kauthar," Sostenes alisema, na neno mwalimu halikuwemo. "Maelekezo ya dawa yanayokuja zahanati kwangu yako kwa Kiingereza. Nayasoma kila siku ya Mungu. Nikikosea neno, mtoto wa mtu anakufa. Nilikuwa kimya hapa kwa sababu nilikuwa najifunza mchezo. Wewe ukakaa nyumbani ukaamua kwamba siwezi kusoma."

Alisema bila kupandisha sauti. Kauthar alianza kuomba radhi, Sostenes akamwinulia kiganja, kama anayemzuia mgonjwa asiinuke kitandani. Akapokea kitabu kutoka kwa Viral, akatafuta ukurasa, akausoma wote, taratibu, kidole kikifuata mistari. Viral alitaka kumsaidia neno moja, akaacha.

"Kila kiumbe," Sostenes alisema. "Ashrafu yuko sahihi." Akaokota dadu, akarusha mwenyewe. Ikatoka tatu, haikutosha. Akaichana karatasi ya Mama Kisiriri vipande vinne, akaviweka juu ya kaunta buku, upande wa Kauthar.

Ashrafu akasogeza mhusika wake kwenda kuuchukua ufunguo. Hakuna aliyemzuia, na mchezo ukaishia hapo. Mwishowe Viral, akitazama sakafu, alisema pengine dada Kauthar apumzike kidogo, wengine washike usimulizi. Kauthar akachukua kaunta buku, akashuka ngazi.

Jumatano alipanda basi hadi Iguguno. Alikuwa ameyaandika upya matamko yote kumi na moja kwenye karatasi, neno kwa neno kama alivyoyakumbuka kitabuni. Alimkuta Sostenes kibarazani na foleni ya akina mama mbele yake. Sostenes alimsalimia, akamuuliza kama anaumwa. Kauthar akasema haumwi. Basi, Sostenes akamwambia, ampishe anayeumwa. Karatasi hakuipokea. Kauthar alikaa kwenye benchi hadi saa saba, kisha akarudi mjini nayo.

Hawakumwita tena. Baada ya mwezi Viral alimpigia simu dukani, akilalamika. Ashrafu ndiye msimulizi sasa, lakini Sostenes amenunua kamusi na daftari lake mwenyewe, na hakuna sentensi inayopita bila yeye kuitolea hoja. Jumapili iliyopita walikwama kwa muda wa saa tatu kwenye aya moja, kama ngao ya uchawi inazuia jiwe lililorushwa na mtu wa kawaida. Ashrafu aliondoka bila kuaga. Viral akauliza, kwa aibu kidogo, kama Kauthar anakumbuka aya hiyo inavyosomeka.

Kauthar aliikumbuka. Iko ukurasa wa mia na themanini, na jibu liko kwenye mstari wa mwisho ambao watu huuruka.

Alimwambia Viral ana wateja, akakata simu.