Mkoba wa Turubai Jekundu

Ule mkoba niliushona mwenyewe, kwa sindano ya magunia, kwa turubai jekundu nililonunua sokoni Kibuye. Nilitaka tu madereva wa malori wanione nikiwa kwenye baiskeli.

Lakini mwaka wa tisini na sita kanisa lilinituma sana kupeleka barua za misiba, Asembo yote. Kwetu msiba hautamkwi mlangoni. Unaomba maji kwanza, unaongea habari za mvua, unasema fulani amezidiwa kidogo, ndipo unafungua mkoba na kutoa barua. Watu wakaizoea ile rangi. Nikitokea tu, akina mama wanashika vichwa. Nilichukia sana. Mimi si kifo, mimi ni mtu wa baiskeli.

Jumamosi moja nilimpelekea Mama mkate, mkate tu. Alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani. Aliponiona aliketi chini palepale.

"Mama, mvua imenyesha huku?" nilimwuliza bila kufikiri.

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikafungua mkoba haraka, nikamwekea mkate mapajani.

Hakuugusa. Aliutazama mkoba, akaniuliza polepole, "Na humo chini kuna nani?"